KUSOMA NA KUFAHAMU: Historia ya Swali la Maana katika Shule za Mlima Meru

Utangulizi

Katika mapokeo ya Kilutheri, Neno na shule havikupata kutengana. Palipojengwa kanisa palijengwa na darasa, na mara nyingi jengo lilikuwa lile lile moja: siku za kazi watoto walikaa humo na vibao vyao, na siku ya Bwana wazazi wao wakakaa humo kusikiliza mahubiri. Kwa sababu hiyo tumezoea kuisimulia historia ya shule zetu kwa hesabu ya majengo, walimu na wanafunzi. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanauliza jambo moja tu: je, mtoto aliyefundishwa kusoma katika shule za Mlima Meru alifundishwa pia kuyafahamu aliyoyasoma, na kuyaandika yaliyo yake mwenyewe?

Swali hili haliwahusu walimu wa shule peke yao. Mchungaji afundishaye kipaimara Oldonyo Sambu, Ilboru au Nkoaranga huwapokea watoto wale wale waliotoka darasani. Huwapa kitabu, nao husoma kwa sauti bila kukwama. Awaulizapo habari ya yale waliyoyasoma, wengi hunyamaza, au huyarudia maneno ya kitabuni kama yalivyo. Mchungaji aweza kudhani kwamba hawana bidii. Historia yaonyesha kwamba chanzo kiko mbali zaidi.

Tuanze na jambo la lugha yenyewe. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo. Mtoto akiisha kuzijua irabu tano na namna zinavyoungana na konsonanti, aweza kutamka karibu kila neno lililoandikwa, hata neno ambalo hajapata kulisikia maishani mwake. Hii ni baraka kubwa, nayo imewarahisishia kazi walimu wengi. Lakini ndani ya baraka hiyo umo mtego. Mwanafunzi aweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri bila kufahamu kitu, na mwalimu asigundue. Kutamka na kufahamu ni kazi mbili, na ya kwanza ikiwa nyepesi, ya pili husahauliwa upesi.

Luther na swali la maana

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe na kutunza shule. Mwaka 1530 alirudi kwenye jambo hilo hilo, akawahimiza wazazi wasiwatoe watoto wao shuleni. Kati ya maandishi hayo mawili, mwaka 1529, alitoa Katekisimo Ndogo, kitabu ambacho kimefundisha watu wengi kusoma katika makanisa yetu kuliko kitabu kingine cha mtu mmoja.

Umbo la kitabu hicho lastahili kuangaliwa na kila mwalimu. Baada ya kila amri, kila sehemu ya imani na kila ombi la Sala ya Bwana, mwanafunzi anaulizwa maana yake ni nini. Kwa maneno mengine, zoezi la ufahamu limo katika kiini cha mafundisho yetu, karne nyingi kabla ya waandishi wa vitabu vya shule kuliweka mwishoni mwa kila somo. Katika dibaji yake Luther aliwapangia wachungaji utaratibu. Kwanza wawafundishe watu maneno yenyewe kwa namna moja isiyobadilika, mpaka wayashike. Maneno yakiisha kushikwa, wawafundishe maana, bila haraka, sehemu moja baada ya nyingine.

Utaratibu huo ni wa busara. Lakini kwa kuwa maelezo ya maana nayo yalichapwa kitabuni chini ya swali, palitokea jambo ambalo Luther hakulikusudia. Jibu la swali la maana likawa kifungu kingine cha kukariri. Mtoto aliulizwa maana, akaitaja maana ya mtu mwingine neno kwa neno, akasifiwa. Ugonjwa huu haukuanzia Afrika. Ulikuwako Ulaya kwa muda mrefu kabla ya mmisionari wa kwanza kupanda meli.

Nkoaranga na Ilboru

Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock walitumwa Meru kutafuta mahali pa kituo, na mwezi wa Oktoba mwaka huo waliuawa huko Akeri pamoja na Wachagga kadhaa waliofuatana nao. Majeshi ya Wajerumani yalikuja kulipiza kisasi kwa ukali mkubwa, na waliopatwa na mapigo hayo walikuwa Wameru na Waarusha pia. Ndipo kituo cha Nkoaranga kilipoanzishwa kwa Wameru mwaka 1902, na cha Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904. Yafaa tulikumbuke hilo bila kulipamba: kitabu kilifika Mlima Meru baada ya bunduki, na watu wa kwanza kukishika walikuwa na sababu nyingi za kukitilia shaka.

Wamisionari wa Leipzig walishika kanuni kwamba Injili ihubiriwe katika lugha ya wenyeji. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliitetea kanuni hiyo kuliko wote. Johannes Raum aliandika sarufi ya Kichagga, ambayo ilitoka mwaka 1909. Chuo cha walimu kilifunguliwa Marangu mwaka 1912. Kwa hiyo mtoto wa kwanza wa shule alikuwa na faida moja ambayo wajukuu wake waliikosa: alianza kusoma kwa maneno aliyoyasikia kwa mama yake.

Namna ya kufundisha ilikuwa nyepesi, kwa kuwa vifaa vilikuwa vichache. Mwalimu aliandika silabi ubaoni, akazitamka, darasa likaitikia. Kutoka silabi walikwenda kwenye neno, kutoka neno kwenye sentensi, kisha kwenye katekisimo, hadithi za Biblia na nyimbo. Kuandika kulikuwa hasa kunakili na imla: mwanafunzi aliandika alichokiona ubaoni au alichokisikia kwa mwalimu. Mwandiko mzuri ulikuwa heshima. Lakini kuandika wazo lake mwenyewe hakukuwa sehemu kubwa ya kazi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba ufahamu ulikuwa kitu kigeni katika nchi hiyo. Miongoni mwa Waarusha, mashauri ya ardhi, ya ng'ombe na ya ndoa yaliamuliwa katika mikutano ya wazee, ambamo mtu alipaswa kusikiliza hoja ndefu, kuishika, kutambua kilichofichwa ndani yake, na kuijibu. Mzee aliyetoa methali barazani hakuieleza. Aliwaachia wasikilizaji kazi ya kupata maana, na aliyeshindwa kuipata alionekana bado ni mtoto. Kwa hiyo walikuwako walimu wa ufahamu nje ya darasa. Hasara ni kwamba shule haikuutambua ujuzi huo kuwa ni elimu. Mtoto aliuacha mlangoni, akaingia kuitikia silabi.

Ni haki pia kusema neno jema juu ya kukariri. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Wamarekani wa Kanisa la Augustana walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache, na mzigo wa sharika uliwaangukia walimu Waafrika. Walimu hao waliendelea kufundisha, kuhubiri na kuwatayarisha watu kwa ubatizo mpaka Leipzig ilipoweza kurudi katika miaka ile ile ya ishirini. Sehemu kubwa ya akiba yao ilikuwa yale waliyoyashika moyoni. Aliye na maneno moyoni anayo mahali pa kuanzia, nasi hatupaswi kumcheka.

Ruzuku, sheria na Kiswahili

Chini ya Waingereza shule iligeuka kuwa jambo la serikali. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilitangaza siasa yake ya elimu kwa makoloni ya Afrika. Shule za misheni zilizotimiza masharti zilipewa ruzuku. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1927 ilizitenga shule zilizoandikishwa na zile ndogo za katekesi, ambazo ziliachwa bila msaada.

Pamoja na ruzuku kilikuja Kiswahili. Gazeti la serikali Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilisomwa shuleni na nje ya shule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Mwaka huo huo Agano Jipya la Karl Roehl lilitoka, na Biblia yake nzima ikafuata mwaka 1937. Walutheri wengi walilelewa na Biblia hiyo.

Faida ya Kiswahili haina haja ya kutetewa. Kilimwezesha Mmeru kuongea na Mwarusha, na wote wawili kuongea na Mhaya na Mzaramo. Hata hivyo, hapana budi kuitaja gharama yake darasani. Mtoto wa Kiarusha au wa Kimaasai, ambaye nyumbani alisema Kimaa, lugha isiyo ya jamii ya Kibantu, sasa alijifunza herufi na lugha ngeni kwa wakati mmoja. Alisoma habari za bahari, mnazi na jahazi, naye ameona mlima, mgomba na nyika. Aliweza kutamka yote. Kwa kuwa shule ya kijiji iliishia darasa la nne, wengi walitoka wakiwa na uwezo wa kutamka, na ufahamu ukabaki kwa wachache walioendelea shule ya kati.

Kalamu ya mwaka 1951

Nguvu ya kusoma kwa ufahamu ilionekana wazi mahali ambapo hapakuwa na ubao wala chaki. Tangu wakati wa Wajerumani walowezi, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika Kusini, walipewa ardhi kuuzunguka mlima, hata upande wa kaskazini. Tume ya Jaji Wilson, iliyofanya kazi mwaka 1946, ilipendekeza ardhi ya wilaya za Arusha na Moshi ipangwe upya. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwezi wa Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki. Nyumba zao zilichomwa moto, na ardhi ikakusudiwa kwa wafugaji wa Kizungu.

Wameru hawakushika mikuki. Walishika kalamu. Waliandika malalamiko kwa Umoja wa Mataifa, wakachangishana fedha, wakapata msaada wa mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York kueleza shauri lao. Hiyo ilikuwa miaka 3 kabla ya Julius Nyerere kwenda huko mwaka 1955. Azimio lililowaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini shauri hilo liliisikilizisha dunia, nalo likaitayarisha Tanganyika kwa madai makubwa zaidi.

Tuangalie kazi hiyo kwa macho ya mwalimu. Mtu aandikaye malalamiko lazima kwanza asome karatasi ya yule anayempinga: amri, tangazo, taarifa ya tume. Lazima aone kilichosemwa na kilichoachwa. Lazima apambanue sababu iliyotajwa na sababu iliyofichwa. Kisha aandike kwa utaratibu, akijua kwamba atakayesoma ni mgeni asiyeijua nchi yake. Hakuna katika kazi hiyo jibu lililochapwa chini ya swali. Sisemi kwamba shule ya misheni ndiyo iliyozaa shauri la Wameru. Wazee wengi walioongoza baraza walikuwa na hekima isiyotoka kitabuni. Nasema kwamba hapo hekima ya baraza na ujuzi wa herufi vilikutana, jambo ambalo darasa halikuwa limefanikiwa kuliletea nafasi.

Shule ya taifa

Mwezi wa Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na mwezi uliofuata Nyerere akatoa kijitabu chake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo aliikosoa shule iliyomzoeza mtoto kupokea bila kuhoji, akataka elimu imjengee akili ya kudadisi. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Kwa sheria ya mwaka 1969 shule za msingi za makanisa zilichukuliwa na taifa, na mwalimu na mwinjilisti, waliokuwa mtu mmoja, wakawa watu wawili.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa. Takwimu rasmi zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67 mwaka 1967, wakapungua hadi asilimia 39 mwaka 1975 na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilianza. Ili kupata walimu wa kutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini. Nchi chache maskini ziliwahi kufanya hivyo kwa muda mfupi namna ile. Lakini darasa la watoto wengi, lenye vitabu vichache na mwalimu kijana, hurudi kwa urahisi kwenye njia ya zamani: mwalimu atamke, darasa liitikie. Mashaka ya kiuchumi ya miaka ya themanini yaliongeza udhaifu huo, na sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba ni kama asilimia 78 tu ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliojua kusoma na kuandika.

Mwaka 2010 uchunguzi wa Uwezo uliwapima watoto majumbani mwao kwa hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ilionekana kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kuisoma, na takriban mmoja kati ya watano wa darasa la saba hakuweza. Habari hiyo iliwashtua wengi. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, na mtahiniwa akaweka kivuli kwenye herufi ya jibu alilolichagua miongoni mwa majibu aliyopewa. Mwaka 2015 serikali ilileta mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, wenye kutilia nguvu Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini msomaji aliyetufuata tangu mwanzo atatambua jambo la zamani katika mavazi mapya: jibu lililochapwa chini ya swali.

Wajibu wa wachungaji

Maandiko yenyewe yanatuhukumu katika jambo hili. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya nane, torati ilisomwa mbele ya watu, na Walawi wakawafafanulia mpaka wakaelewa. Katika Matendo ya Mitume, sura hiyo hiyo ya nane, Filipo hakumsifu towashi kwa sauti yake nzuri. Alimwuliza kama aliyafahamu aliyokuwa akiyasoma, kisha akapanda garini, akaketi karibu naye.

Shule za msingi si zetu tena, wala si kazi yetu kuwaamuru walimu. Lakini darasa la kipaimara na shule ya Jumapili ni zetu. Humo twaweza kufanya mambo matatu.

La kwanza, lugha ya nyumbani iruhusiwe kutangulia. Biblia nzima ya Kimaasai ilitoka mwaka 1991. Kijana wa Oldonyo Sambu asome kifungu kwa Kiswahili, kisha akisimulie kwa Kimaa. Asiyeweza kukisimulia kwa lugha ya mama yake hajakifahamu, hata akikitamka vizuri namna gani.

La pili, tujifunze kuuliza. Tuchukue sentensi nyepesi kwa mfano: baba alimpeleka mbuzi wake wa mwisho sokoni Ngaramtoni ili apate fedha za dawa. Mwalimu akiuliza baba alikwenda wapi, mtoto ataliona jibu bila kufikiri. Akiuliza kwa nini mwandishi ametaja kwamba mbuzi alikuwa wa mwisho, mtoto lazima asimame, atafakari umaskini wa nyumba hiyo, na upendo uliomo. Swali la pili ndilo swali la Katekisimo.

La tatu, mtoto aandike. Baada ya kuikariri maana ya amri ya saba kama Luther alivyoieleza, aandike sentensi tano za kwake: jinsi amri hiyo inavyovunjwa katika kijiji chake, sokoni au katika kugawana maji ya mfereji. Atakosea tahajia. Tusianze na kalamu nyekundu. Tusome kwanza alichotaka kusema, tumjibu, kisha turekebishe herufi.

Hitimisho

Tumeona kwamba swali la maana lilikuwako tangu mwanzo. Liliingia Mlima Meru pamoja na Katekisimo, likakutana na watu waliozoea kupambanua maneno barazani, nalo likazimwa mara kwa mara na desturi ya kumpa mwanafunzi swali na jibu kwa pamoja. Desturi hiyo ilikuwa ya misheni, ikawa ya serikali ya kikoloni, ikarithiwa na shule ya taifa, kwa sababu ni nafuu, na kwa sababu mkubwa yeyote huona raha kusikia maneno yake yakirudiwa.

Kanisa linalofundisha kwamba kila Mkristo asimame mbele ya Mungu kwa imani yake mwenyewe haliwezi kuridhika na imani iliyonakiliwa ubaoni. Basi mchungaji aingiapo darasa la kipaimara juma hili na awasomeshe watoto kifungu kifupi, awaulize maana yake, kisha anyamaze kwa muda wa kutosha mpaka mmoja wao ajibu kwa maneno yake.